Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vyenye vitivo vya afya: hesabuni wasimamizi kabla ya kuhesabu wanafunzi

Wakuu wa vyuo, wakuu wa vitivo vya afya, na nyie mnaokaa kwenye mabaraza ya kusajili wataalamu, habari za kazi.

Mimi ni mwanafunzi wa fiziotherapia mwaka wa mwisho, ila sisemei fizio peke yake, humu ndani wamo wenzangu wa radiografia, wa maabara, wa lishe, wa tiba ya vitendo (wanaomsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku), wale wa tiba ya kuongea na kumeza, wa macho, wa viungo bandia, wote mliotuweka chini ya paa moja la sayansi shirikishi za afya. Kwenye magrupu yetu tumelalamika mpaka basi, na malalamiko ya grupu huwa yanaishia humohumo kwenye grupu, kesho mtu anatupia stika ya kuchekesha na mada imekufa. Ndo maana nimeamua kuandika hadharani.

Jambo lenyewe ni moja tu, mengine yote yanatoka hapo. Mnadahili kwa kuhesabu viti vya ukumbini, wakati fani zetu hazikamiliki ukumbini. Mtu anazijua akiwa wodini, chumba cha eksirei, kwenye benchi la maabara, karakana ya viungo bandia, akiwa pembeni ya mtu anayeijua kazi na mwenye muda wa kumwangalia mikono anavyoiweka. Huyo mtu wa pembeni ndo mmesahau kumhesabu. Viti vimeongezeka, ada zimeingia, mikondo imekuwa miwili, halafu wasimamizi wa fildi, yaani mafunzo yetu ya vitendo hospitalini, ni walewale wa miaka yote, na wengine wameshastaafu bila kuzibwa nafasi zao.

Najua jibu lenu la kwanza, kwamba dunia ina uhaba wa hawa wataalamu hivyo lazima tuongeze namba. Uhaba upo kweli, hatubishi. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 2.4 duniani, yaani mtu 1 katika kila 3, wana tatizo la kiafya ambalo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa mwili na shughuli zake, zingewasaidia, na kuna nchi ambazo hazifikishi wataalamu 10 wa utengamao kwa kila watu milioni 1. Mpango wao wa Utengamao 2030 ulianza 2017, na mwaka 2023 mkutano mkuu wa afya duniani ukapitisha kabisa azimio kuhusu hilo. Sawa. Ila mgonjwa wa kiharusi hatibiwi na namba, anatibiwa na mtu anayejua mkono uliolegea unashikwaje bila kuling'oa bega, na huyo mtu hatengenezwi kwa kufungua mkondo wa jioni.

Ngoja niwaambie fildi ilivyo, maana nina wasiwasi ripoti zinazowafikia mezani zimeandikwa vizuri mno.

Mnatupeleka kundi. Tunafika idara ina mtaalamu mmoja au wawili, foleni ya wagonjwa imeshafika koridoni, na yule mtaalamu anatuangalia kwa ile sura ya mtu aliyeletewa mzigo bila kuulizwa. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, huku kwetu mgeni akija mwenyeji ndo anazidi kuumwa. Hana kosa, orodha yake ya wagonjwa leo ni ileile ya jana, hakuna aliyempunguzia hata mmoja, hakuna aliyemfundisha namna ya kufundisha, na malipo hakuna, wakati mwingine hata barua ya asante haipo. Kwa hiyo anafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, anaendelea na kazi yake na sisi tunamfuata kwa nyuma kama mkia. Wa mbele wawili wanaona, waliobaki wanaona migongo ya hao wawili.

Mchana unakuwa umesukuma viti vya magurudumu, umebeba mafaili, umeshika mlango. Mgonjwa umemgusa? Umemgusa bega ukimsaidia kukaa. Kupima nguvu ya misuli, kupima kiungo kinakunjika nyuzi ngapi, kuamua leo tunaanza na nini na tunaacha nini, hivyo hujafanya kwa sababu ukifanya unachelewesha foleni. Na kitu kinachotofautisha mtaalamu na mtu aliyeangalia video ni hicho cha kuamua, mazoezi yenyewe yako mtandaoni kila mtu anayaona.

Wenzetu wa radiografia wanasema kwao ni vilevile ila kwa rangi nyingine. Picha ya kifua wamepiga mpaka wanaota, kwa sababu ndo inayokuja kila dakika. Lakini nyonga ya pembeni kwa mtu aliyevunjika na hawezi kugeuka, mtoto mdogo asiyetulia, mgonjwa wa ajali mwenye kola ya shingo ambaye ukimkosea unaweza kummalizia uti wa mgongo, hizo wanaziangalia nyuma ya kioo mpaka siku ya kumaliza. Halafu kesho yake ni waajiriwa, zamu ya usiku, peke yao, mgonjwa wa ajali ndo huyo analetwa.

Wa kuongea na kumeza kwao ndo kunatisha zaidi na watu wengi hawajui. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kumeza maji yakaingia kwenye mapafu bila hata kukohoa, yaani dalili ambayo kila mtu anaitegemea haipo, na kinachofuata ni nimonia. Kumtambua huyo kunahitaji uwe umekaa na wagonjwa wengi, umesikia sauti inavyobadilika baada ya kijiko, umeshika koo ukahisi linavyopanda, na kuna mtu amekuambia hapana, rudia, hapo umekosea. Kwenye slaidi koo halipandi.

Kwa maabara nina kaneno kidogo, maana hapa wanafunzi wenyewe tunajidanganya. Wengi wanalalamika wamewekwa mapokezi ya sampuli wanabandika lebo, wanataka mashine. Mimi nawaambia hapo mapokezi ndo penyewe, kwa sababu makosa mengi ya maabara yanatokea kabla sampuli haijaingia kwenye mashine: jina la mtu mwingine, chupa isiyo sahihi, damu iliyovutwa kwa nguvu chembe zikapasuka, potasiamu ikasoma juu na daktari akaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Sasa shida si kuwekwa mapokezi, shida ni kuwekwa mapokezi bila mtu wa kukuambia hii sampuli ikatae na kwa nini. Ukiwa na msimamizi, kubandika lebo ni somo, ukiwa huna unakuwa karani wa bure.

Hapo ndo nakuja kwenye masaa. Shirikisho la dunia la wataalamu wa tiba ya vitendo limeweka kiwango cha chini cha saa 1000 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, na fani nyingine nyingi zina viwango vyao vinavyokaribiana na hapo. Kiwango kizuri, hakuna anayekipinga. Ila mnajua masaa yetu yanathibitishwaje? Lojibuku, lile daftari la kujaza kazi ulizofanya fildi, inakaa begini mpaka wiki ya mwisho, siku ya kuondoka tunapanga foleni, msimamizi anasaini kurasa zote kwa mkupuo mmoja kwa kalamu moja, sehemu ya maoni anaandika "yuko vizuri, aendelee hivyo hivyo". Kwa watu wote. Hata yule aliyekuwa haji. Mkifungua hizo lojibuku mkaona wino ni uleule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho mngejua, kwa hiyo ama hamzifungui ama mmeamua kutojua, na sijui lipi ni afadhali. Mtu anaweza kumaliza saa 1000 zake ameegemea ukuta na kwenye makaratasi akawa sawa kabisa na aliyefundishwa kweli.

Nisionekane nalaumu tu, kuna vitu vinafanyika na havihitaji miujiza.

Kwanza msimamizi apewe muda. Mkubaliane na hospitali kwa maandishi kwamba mwenye wanafunzi wawili anapunguziwa wagonjwa wachache kwa siku, na chuo kichangie gharama yake, kwa sababu ada ya fildi tunalipa na hatujawahi kuelezwa inaenda wapi. (Hili la ada naomba mlijibu kwa upole au kwa ukali, vyovyote, ila mlijibu.) Apewe mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha na kutoa maoni, apewe akaunti ya maktaba ya chuo, kazi hiyo ihesabiwe anapoomba kupanda cheo. Watu wengi wazuri wako tayari kufundisha, wanachokataa ni kufundisha huku foleni inawatukana.

Pili, wawili wawili. Mtindo wa msimamizi mmoja na wanafunzi wawili unatumika sehemu nyingi na una faida yake, mnakagua mgonjwa pamoja, mmoja anafanya mwingine anaangalia, mnakosoana kabla hamjaenda kumsumbua mkubwa kwa maswali mepesi. Ni tofauti kabisa na wanane kwa mmoja, hapo hata kukosoana hamna, mnapiga stori tu.

Tatu, tumieni maigizo ya wagonjwa kwa akili. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2012 uliochukua wanafunzi wa fiziotherapia, kundi moja robo ya muda wao wa kliniki ikafanyika kwa wagonjwa wa kuigiza, na mwisho hawakuwa nyuma ya wenzao waliokaa kliniki muda wote. Robo, asilimia 25, na ilikuwa na waigizaji waliofundishwa na walimu wa kutosha. Nasisitiza hivyo kwa sababu naona kabisa mtu mmoja kwenye kikao atasema vizuri, tununue midoli mitatu tufute nusu ya fildi. Mdoli haulii ukimkunja goti, na mdoli haukuambii kwamba mazoezi ya nyumbani hakufanya kwa sababu alikuwa anauguza mtu.

Kuna suala la usalama wetu, na hili nalisema kwa hasira kidogo, mnisamehe. Chanjo ya homa ya ini B inachomwa dozi 3 kwa kawaida, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Sasa tangazo la "kila mwanafunzi aje na kadi ya chanjo" linatoka wiki mbili kabla ya fildi. Hesabu hiyo inakubali wapi? Mtu anaingia kutoa damu akiwa na dozi moja au hana kabisa, wakati asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo anaweza kuambukizwa kwa uwezekano unaofika hadi 30 kwa 100, ukilinganisha na VVU ambako ni kama 3 kwa 1000. Watu wanaogopa VVU na hii kubwa zaidi wanaiacha wazi, na ina chanjo! Anzeni mwaka wa kwanza semista ya kwanza, kila mtu, bila kusubiri tangazo. Na mtu akichomwa awe anajua anamwendea nani usiku huohuo, maana dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo na isizidi masaa 72, na mwanafunzi si mwajiriwa wa hospitali hivyo kila dirisha linamwambia nenda dirisha lile. Kuna sehemu moja tulipelekwa mwenzetu alizungushwa mpaka alikata tamaa akarudi hosteli kulala. Tulimburuza kesho yake asubuhi kwa nguvu.

Radiografia nao beji za kupimia mionzi wanaambiwa zitakuja. Kikomo cha kimataifa kwa mtu mzima anayefanya kazi na mionzi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka ukipiga kwa miaka 5, lakini kikomo kina maana gani kwa mtu ambaye hana cha kupimia? Beji kwanza, chumba baadaye. Hii haina mjadala.

Halafu kuna kusoma kwa kutengwa. Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo 2010 unaosema wanafunzi wa fani tofauti za afya wajifunze pamoja, kutoka kwa wenzao na kuhusu wenzao, ili wakifika kazini waweze kushirikiana. Kwetu mwanafunzi wa udaktari na wa lishe wanakutana mara ya kwanza kwenye kitanda cha mgonjwa, na hapo kila mmoja hajui mwenzake anafanya nini. Ndo unakuta faili imeandikwa "fizio" tu, neno moja, hakuna kwa nini, hakuna tahadhari, mfupa umeunganishwa lini hakuna. Kesi moja kwa mwezi ya pamoja, madaktari, manesi na sisi, mezani, mgonjwa mmoja kila mtu aseme angefanya nini, hiyo haihitaji jengo wala bajeti, inahitaji ratiba za vitivo viwili zikubaliane. Najua kukubaliana ratiba ndo kazi ngumu kuliko zote chuoni, ila jaribuni.

Kwa wanaokuja nyuma yetu, naomba muwe wakweli kwenye vipeperushi. Wengi wetu tuliingia huku baada ya kukosa udaktari, tukaja na kinyongo, wengine wameipenda wengine bado wana kinyongo mpaka leo, na kipeperushi chenye mtu ana stetoskopu shingoni kwa kozi ya viungo bandia hakisaidii. Onesheni plasta ya jasi, onesheni mashine ya kusaga soketi, kile kikombe cha mguu bandia kinachoingia kigutu, mwenye roho ya fundi atajileta mwenyewe na atakuwa mzuri kuliko aliyedanganywa. Na kozi ambayo baraza la usajili halijaitambua isifunguliwe kwa matumaini kwamba itatambuliwa mbele ya safari. Mtu kusoma miaka yote halafu aambiwe hawezi kupata leseni, huo ni wizi, sina neno laini zaidi.

Mabaraza, msicheke pembeni, na nyie mnahusika. Mkija kukagua chuo mnapima ukubwa wa madarasa, mnahesabu vitabu na darubini, mnakunywa chai mnaondoka. Siku moja nendeni fildi bila kutoa taarifa, saa nne asubuhi, katikati ya wiki. Hesabuni wanafunzi, hesabuni wasimamizi, kisha chagueni mwanafunzi yeyote mumuulize mgonjwa aliye mbele yake ana tatizo gani na leo wanalifanyia nini. Mtapata ripoti ya kweli kuliko faili lolote mnaloandaliwa.

Na msiseme hili la walimu ni jambo jipya linalohitaji utafiti kwanza. Marekani mwaka 1966 walipotunga sheria ya kukuza fani hizi shirikishi, hela haikuwekwa kwenye majengo peke yake, iliwekwa pia ya kuwasomesha watu wa kuja kuwa walimu na wasimamizi wa hizo fani. Karibu miaka 60 iliyopita walishaona kwamba jengo bila mwalimu ni kivuli cha kukaa.

Kwa hiyo ombi letu, kabla dirisha la maombi la mwaka ujao halijafunguliwa: kila chuo kitoe hadharani, kwa kila kozi, idadi ya wanafunzi kinaotaka kuwachukua, na pembeni yake idadi ya wasimamizi wa fildi waliokubali kwa saini zao, wako wapi, na kila mmoja atashika wangapi kwa wakati mmoja. Si hospitali tulizoandikiana nazo barua, wasimamizi, watu. Kozi ambayo namba hizo hazilingani ipunguze udahili mwaka huo mpaka zilingane. Waombaji wataziona, wazazi wataziona, na sisi tulioko ndani tutasema kama ni za kweli, kwa sababu hao wasimamizi tunawajua kwa majina.

Jibu tunaliomba kwa maandishi, na likibandikwa libandikwe kitivoni pale yanapobandikwa matokeo, kila mtu anapita hapo.